Kopo Chini ya Mafiga

Na Mwana-Ibadakuli

Juma hili nilikuwa katika kijiji kimoja upande wa Nyarugusu, nyumbani kwa mama mjane auzaye wali kwa wachimbaji, nikashuhudia jambo lililonitia ghadhabu ambayo hata sasa niandikapo haijanitoka. Mafundi waliokuja kulibomoa jiko lake la zamani waligonga kwa sururu kopo la maziwa ya unga lililozikwa chini ya mafiga, limetoboka kwa kutu, na ndani yake, zimeviringishwa katika nailoni na kufungwa kwa mpira wa baiskeli, zilikuwamo noti za shilingi 10,000 za toleo la mwaka 2003, zile zenye tembo, alizozificha marehemu mumewe, aliyefukiwa na kifusi katika duara, yaani shimo la machimbo, miaka 12 iliyopita pasina kumwambia mtu. Za pembeni mchwa walikwisha kuzila. Zilizosalimika mama alizihesabu kwa mikono inayotetemeka, akapata 43, yaani laki 4 na elfu 30, akaniomba nifuatane naye kwa wakala.

Wakala, kijana wa umri wa mwanawe, alizitazama akacheka. Noti hizo muda wake wa kubadilishwa ulianza Januari 6 ukakoma Aprili 5, 2025. Tangazo lilisomwa redioni, lakini aliye kaburini hasikii redio.

Siwaambii watu wapeleke kila senti benki. Wanaohubiri hivyo hawajapata kusimama machimboni Mwakitolyo saa 8 za usiku, mtandao umekatika, wakala amelala, majeruhi ametolewa duarani, na mwenye gari anataka fedha taslimu ya mafuta kabla hajawasha. Fedha ya dharura sharti ikae karibu. Ninachokikataa, na nitakikataa mpaka wino unikaukie, ni siri: mwanamume ashukaye chini ya ardhi kila alfajiri, ilhali amana ya nyumba ameizika mahali anapopajua yeye na Mola wake tu, huyo amewadhulumu watoto wake mchana kweupe. Ni hofu ya mke na hofu ya ndugu, wala hapana sababu nyingine. Sanduku la kikundi cha akiba cha VICOBA lina kufuli 3 na funguo zake hukaa kwa watu 3. Basi mke na mume hawashindwi kuwa mashahidi wawili wa kopo moja, wakalifunua kila baada ya miezi michache, wakahesabu, wakazipunga upepo, noti kuukuu wakazitumia na mpya wakazitia. Hata wazee wetu wa Usukuma, waliokuwa wakiweka mali yao katika ng'ombe, kila mtoto wa boma aliwajua ng'ombe wale mmoja mmoja kwa rangi.

Tulirudi kimya. Karibu na nyumba nikamuuliza, "Mayu, na akiba yako wewe, nani anajua ilipo?"

Alitazama njia nzima kwanza, mbele na nyuma, kisha akapunguza sauti.

"Mimi na Mungu, baba."