Mazungumzo ya Afya Nyumbani: Vijidudu Vikaavyo Tumboni, na Chakula Chao



Mwezi huu twataka kusema habari za tumbo, wala si za njaa, bali za hao wakaao ndani yake. Twajua ya kuwa wako watu waonao haya kusikia utumbo na choo vikitajwa katika karatasi isomwayo mbele ya watoto. Lakini mama ayajuaye mambo haya atawalea wanawe kwa urahisi kuliko yule anyamazaye kwa adabu. Na mwalimu ayafundishaye darasani hatakosa wasikilizaji, maana hakuna mtoto asiyependa kuuliza juu ya tumbo lake.

Kwa hesabu iliyotolewa na wataalamu mwaka 2016, mwili wa mtu mzima wachukua vijidudu viitwavyo bakteria vipatavyo trilioni 38, idadi inayoizidi kidogo ile ya chembe za mwili wenyewe. Hata hivyo, ukivikusanya vyote ukavitia katika mizani, uzito wake haufiki robo kilo. Vilivyo vingi vimo katika utumbo mpana, mahali penye giza na joto, pasipo hewa. Wako vijidudu waletao maradhi, nasi tumezoea kufundishwa habari zao. Lakini hawa wengine ni wapangaji wa amani, na mtu akiwatendea vema humlipa kodi ya nyumba.

Kodi yenyewe ni hii. Tulapo ndizi, maharage, au ugali wa dona, sehemu kubwa ya chakula huvunjwa katika utumbo mwembamba, ikaingia katika damu. Lakini zimo nyuzinyuzi ambazo mwili wetu hauna nguvu ya kuzivunja, nazo hupita zikafika chini kama zilivyo. Zamani watu walidhani ya kuwa hayo ni makapi tu. Kumbe makapi hayo ndiyo riziki ya vijidudu! Huvichachua kama vile unga wa ulezi uchachukavyo mtungini, na katika kuchachua hutoa asidi za namna mbalimbali. Mojawapo yaitwa butireti, nayo ndiyo chakula kikuu cha chembe zinazojenga ukuta wa utumbo mpana. Nyuzinyuzi zikikosekana, baadhi ya vijidudu hugeukia ule ute uufunikao ukuta wakaula. Jambo hili limeonekana wazi katika panya wa maabara. Mpangaji aliyenyimwa kuni ameanza kung'oa fito za nyumba.

Tusidhani ya kuwa elimu hii ililetwa kwetu kutoka mbali tu. Sehemu yake ilizaliwa papa hapa Afrika ya Mashariki. Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyefika Kenya mwaka 1929, akafanya kazi miaka mingi Uganda (naye aliporudi kwao akawa kasisi), alishangazwa na magonjwa ya kwao ambayo hakuyaona kwa wagonjwa wa huku. Mwenzake Denis Burkitt, mpasuaji mzaliwa wa Ireland aliyekuwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, akaendelea na swali hilo. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walichapisha vipimo vyao. Kwa wanavijiji wa Uganda, chakula kilipita toka kinywani mpaka chooni kwa muda wa saa 36 hivi, na choo cha siku moja kilipata gramu 470. Kwa wanamaji wa Uingereza, walao mkate mweupe, kilikawia saa 83, na choo chao kilikuwa gramu 104 tu. Burkitt hakuona haya kuwaonyesha madaktari wenzake picha za choo mikutanoni. Basi na sisi tusione haya kuyasoma.

Mwaka 2015 ikachapishwa habari nyingine. Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana chakula kwa majuma mawili. Hao Wamarekani walipopewa nyuzinyuzi gramu 55 kwa siku, butireti tumboni mwao ilizidi mara mbili na nusu, na dalili za mwasho katika ukuta wa utumbo zikapungua. Wale wa Afrika Kusini waliopewa chakula cha Kimarekani, butireti yao ilishuka ikawa nusu. Majuma mawili tu!

Sasa tuje Kilimanjaro, maana hapa ndipo tulipotaka kufika.

Mwezi wa Aprili mwaka 2025, wataalamu wa Moshi, wa KCMC, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, walitangaza kazi waliyoifanya kwa wanaume 77 wa mkoa ule, wa mjini na wa vijijini. Waliozoea chakula cha nyumbani, yaani ndizi, kunde na maharage, mboga za majani, mtama na ulezi usiokobolewa, waliambiwa wakiache kwa majuma mawili, wale mkate mweupe, viazi vya kukaanga, na vinginevyo vyenye chumvi na sukari nyingi. Wengine, waliokuwa wamezoea vyakula hivyo vya kisasa, walirudishwa kwenye chungu cha bibi zao kwa muda uo huo. Kundi la tatu lilipewa mbege kwa juma moja. Na watu kumi waliachwa waendelee na chakula chao cha kila siku, ili wawe wa kulinganishwa.

Walichopima hasa ni damu. Kwa wale walioacha chakula cha nyumbani, dalili za mwasho mwilini ziliongezeka, na askari wa damu wakawa wazito kuvijibu vijidudu vya maradhi. Kwa wale waliokirudia, mwasho ulipungua. Tena baadhi ya mabadiliko yalikuwa yangaliko majuma manne baadaye. Twakiri ya kuwa walikuwa wanaume peke yao, wala hawakuwa wengi, na muda ulikuwa mfupi. Asije mtu akasema ya kuwa KCMC wametangaza dawa ya kila ugonjwa. Lakini mwasho wa siku nyingi mwilini wahusiana na kisukari na maradhi ya moyo, nayo ndiyo magonjwa yazidiyo kuongezeka katika miji yetu.

Habari ya mbege najua itawafurahisha wengine na kuwakunjisha uso wengine. Ni kweli: waliopewa mbege nao walionekana kupata nafuu katika vipimo vya mwasho. Lakini fikirini kilichomo. Mna ndizi mbivu, mna kimea cha ulezi, mna vijidudu vilivyovichachua, ndipo kileo. Watu wale walipewa kwa kipimo, kwa siku saba, madaktari wakiwaangalia. Nalo Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema mwaka 2023 ya kuwa hakuna kiasi cha kileo kisichokuwa na hatari kwa afya. Atakaye ulezi uliochachuka asipate kileo ana togwa, tutakayoisema chini. Hatumtumi mtu yeyote kilabuni kwa jina la elimu.

Twawageukia sasa ninyi walimu, kwa kuwa nyumba zenu hutazamwa. Nyumba ya mwalimu ikiweka mezani mkate mweupe, siagi ya kiwandani na soda, majirani husema, hivyo ndivyo walavyo watu waliosoma. Mgeni akija, kande hufichwa jikoni, kikaletwa kitu cha dukani, hata kama ni cha mkopo. Mtoto huyaona hayo yote, naye hujifunza ya kuwa kiburu ni chakula cha wasio na kitu. Hesabu zasema kinyume. Shirika la Afya Ulimwenguni lataka mtu mzima apate walau gramu 25 za nyuzinyuzi kila siku, na gramu 400 za mboga na matunda. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina zaidi ya gramu 10 za nyuzinyuzi. Kipande cha mkate mweupe hakifikishi gramu moja, au chapata moja tu. Basi ni nani katika hao wawili amlaye mgeni wake heshima, na ni nani ampaye? Mwalimu apakuaye kande mbele ya mgeni wa mjini, bila kuomba radhi, amefundisha somo ambalo ubao hauwezi kulifundisha.

Habari ya sembe na dona tumeisema mara nyingi, nasi hatutachoka. Mahindi yakikobolewa mpaka yakawa meupe kama chokaa, pumba huenda kwa kuku, na kuku hunenepa. Asiyeweza kuyala dona kwa siku zote, na achanganye nusu kwa nusu.

Tena si wingi tu, bali na namna nyingi. Mwaka 2018 ilionekana ya kuwa watu walao namna zaidi ya 30 za mimea kwa juma wana vijidudu vya aina nyingi zaidi kuliko walao namna 10 au pungufu. Thelathini yaonekana kubwa, lakini hesabuni: mchicha, mnafu, majani ya kunde, majani ya maboga, mlenda, bamia; maharage, choroko, mbaazi, njugu mawe; magimbi, viazi vitamu, mihogo, ndizi mbichi na ndizi mbivu; papai, pera, embe, chungwa; mtama, ulezi, ufuta, karanga. Wapeni watoto kazi hii, waandike kila mmea walioula tangu Jumapili hata Jumamosi. Watashindana.

Hata viazi na ugali vikipoa, sehemu ya wanga wake hugeuka ikawa ngumu kuvunjwa, ikashuka kwa vijidudu kama nyuzinyuzi. Kwa hiyo kiazi cha jana chenye kuliwa asubuhi na chai kina faida yake. Lakini wali usiachwe usiku kucha katika joto la jikoni, kwani humea sumu isiyokufa hata ukipashwa moto tena.

Aliyezoea chakula laini asianze kwa sahani kubwa ya maharage. Tumbo litajaa upepo, naye atasema tumemdanganya. Aongeze kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, anywe maji ya kutosha, maharage yalowekwe usiku na maji yale yamwagwe. Na aonaye damu katika choo, au aliyekonda bila sababu, au ambaye choo chake kimebadilika kwa majuma mengi, huyo asitafute mlenda wala pera, aende hospitali.

Kuna desturi moja iharibuyo upesi kuliko mkate mweupe. Mtu akiumwa koo au akihara kidogo, hukimbilia dukani kununua vidonge vya rangi mbili, akameza viwili vitatu, vilivyobaki akamwekea mtoto. Antibaiotiki ni neema kubwa kwa mwenye ugonjwa uipasao, naye akiandikiwa na mganga aifuate kama alivyoambiwa. Lakini dawa hiyo haiwajui wapangaji wema na wabaya. Huwapiga wote, na wabaki wenye kuizoea ndio huzaana. Mafua na kuhara kwingi kwa watoto hutokana na virusi, ambavyo antibaiotiki haivigusi kabisa. Mtoto aharaye ahitaji maji ya ORS na vidonge vya zinki, na matiti ya mama yasikatizwe.

Hapo mama wachanga wasikie neno la ajabu. Katika maziwa ya mama zimo sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzivunja. Zimewekwa kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya vijidudu vya tumboni mwake, ambavyo huvikinga vile vya maradhi visipate nafasi. Basi bibi ampaye mtoto wa miezi miwili uji mwepesi au maji ya sukari, hata kama ni kwa upendo, aambiwe kwa heshima: miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake.

Baada ya miezi hiyo togwa yafaa sana. Mwaka 1999 ilichapishwa habari ya watoto wapatao 150 wa Tanzania, wenye umri chini ya miaka mitano. Waliokunywa togwa mara moja kila siku kwa siku 13 walionekana kuwa na vijidudu vya kuharisha vichache zaidi chooni kuliko waliokunywa uji usiochachuka. Uchachu wenyewe ndio uwafukuzao. Maziwa ya mgando nayo ni mema, mradi maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yagandishwe kwa chachu ya mgando safi; maziwa mabichi yana homa zake.

Mama mmoja ametuandikia akiomba njia ya togwa, kwa kuwa yake huvunda. Pika uji mzito wa mahindi au mtama mpaka uive kabisa. Uache upoe hata uweze kutia kidole bila kuungua. Ndipo utie kimea cha ulezi kilichosagwa, kijiko kimoja au viwili kwa sufuria ya nyumba. Utaona uji mzito umelegea mara, kana kwamba umeongezwa maji. Ongeza kijiko cha togwa ya jana ikiwa ipo, funika kwa kitambaa safi, uiache mahali pa vuguvugu mpaka kesho yake. Ikiwa chungu ya kupendeza kama ndimu, ni njema. Ikiwa na harufu ya kuoza au ukungu juu, imwage, na mara hii chombo kichemshwe kwanza, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa kimea.