Sikio la Mkuu wa Mradi

Mradi ukikwama, iwe ni barabara iliyochimbika kabla masika ya kwanza hayajapita, au kisima kilichochimbwa mahali pasipo na maji, au jengo la shule lililobaki msingi miaka nenda miaka rudi, sababu inayoandikwa katika taarifa aghalabu huwa ni moja, nayo ni kwamba mawasiliano baina ya watendaji yalikuwa dhaifu. Na dawa inayopendekezwa nayo huwa ni moja, yaani vikao viongezwe, semina iandaliwe, na kundi jingine la WhatsApp lifunguliwe juu ya yale yaliyopo. Mimi siamini hata kidogo kwamba maradhi ya miradi yetu ni uchache wa maneno. Maneno yamejaa tele. Kilichopungua ni habari za yule anayeishika kazi kwa mikono yake kumfikia yule anayeitolea amri, na kumfikia zingali na faida.

Mtu na alitazame kundi la simu la mradi wowote wa ujenzi. Mkuu huandika alfajiri kwamba kazi fulani lazima ikamilike leo, na chini yake hufuatana majibu ya "sawa mkuu" na "imepokelewa mkuu" mpaka jua linapanda. Lakini humo hamna anayesema kwamba mchanga ulioshushwa jana umechanganyika na udongo, wala kwamba mashine ya kushindilia zege imekufa tangu juzi, ijapokuwa mambo hayo yanajulikana kwa kila kibarua na yanazungumzwa waziwazi kwa mama lishe wakati wa chai ya saa nne. Basi mradi mmoja unakuwa na mabaraza mawili, la simuni lenye amri na itikio, na la kwa mama lishe lenye ukweli. Na wakuu, ambao chai yao huletewa ofisini, hawahudhurii hili la pili.

Chukua asubuhi ya kumwaga zege la ghorofa. Fundi nondo amefunga boriti kwa kufuata ramani aliyokabidhiwa mwezi uliopita, karatasi iliyokunjwa mara nne na kupakaa kutu hata pembe zake hazisomeki. Ramani hiyo mhandisi ameshaibadilisha, kwa kuwa mwenye nyumba alitaka ukumbi upanuliwe, na ile mpya, inayodai nondo za milimita 16 pale palipokuwa na za milimita 12, imo ndani ya simu ya msimamizi, ambaye aliipokea, akajibu kwamba ameiona, akaendelea na shughuli ya kutafuta saruji. Fundi anaziona kuta zilivyotanuka kuliko karatasi yake inavyosema, na kwa uzoefu wake wa siku nyingi moyo unamwambia kwamba boriti ile ni nyembamba kwa upana ule. Lakini mashine imekwisha kunguruma, vibarua wamejipanga na ndoo zao, na kila aliyepo anajua kwamba zege halilali. Aseme nini, na amwambie nani? Yeye si mhandisi. Analipwa kwa kutwa. Na akisimamisha kazi kwa shaka ambayo baadaye itaonekana haikuwa na msingi, kesho jina lake halitaitwa getini. Kwa hiyo hunyamaza, na mimi sioni haki ya kumlaumu yeye kabla ya kuwalaumu waliopanga kazi kwa namna ambayo kimya ndicho chenye malipo.

Nchi yetu ilikwisha kushuhudia kimya cha namna hii kikifanywa kwa kipimo kikubwa mno. Mwaka 1946, wakati Waingereza wametoka vitani na mafuta ya kupikia kwao yanatolewa kwa mgao, serikali yao ilituma Afrika ya Mashariki ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ili kuchunguza iwapo karanga zaweza kulimwa huku kwa mashine katika mashamba makubwa. Wajumbe walizunguka kwa muda wa wiki zisizotimia kumi, wakipita nchi pana kwa ndege, wakarejea na mpango wa eka zaidi ya milioni 3, nyingi zake zikiwa Tanganyika, na Kongwa, katika nchi ya Ugogo, ikateuliwa kuwa mahali pa kuanzia. Ilikusudiwa kwamba katika mwaka 1947 zisafishwe eka 150,000; zilizopandwa karanga msimu ule hazikufika hata 10,000. Trekta kuukuu zilivunjikia katika mizizi ya vichaka, udongo ukaganda wakati wa kiangazi hata karanga zikawa hazing'oleki, mvua ikafanya hiana kama ilivyo desturi yake pande zile, na mwezi wa Januari 1951 mpango ukatangazwa kuwa umekwisha, paundi milioni 36 zikafutwa katika hesabu za serikali ya Uingereza.

Hiana hiyo ya mvua haikuwa siri. Mtu wa makamo aliyekuwa akikaa Kongwa mwaka ule wa 1946 alikuwa ameiona Mtunya, njaa kuu iliyoiangamiza Ugogo katika miaka ya mwisho ya Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake. Watu wale waliyajua mabadiliko ya mawingu yao si kwa vitabu bali kwa makaburi ya jamaa zao, na ndiyo maana mkulima wa Kigogo alitegemea uwele na mtama, akatawanya ng'ombe wake kwa marafiki na ndugu wa mbali, ili ukame ukipiga huku kule pabakie kitu. Elimu hiyo ilikuwapo papo hapo, bila gharama ya ndege wala ya mtaalamu, na mwenye nayo aliajiriwa katika mpango ule. Lakini aliajiriwa kufyeka, na hapakuwa na kikao wala daftari wala ofisa ambaye kazi yake ilikuwa kumwuliza mfyekaji analijua nini shamba analolifyeka. Sidai kwamba swali hilo peke yake lingeuokoa mpango, kwa kuwa makosa yake yalikuwa mengi, na pupa ya siasa ya London ilikuwa kubwa. Nadai kwamba mpango wenye mlango wa kuingiza habari kutoka chini ungaliijua hatari yake katika mwezi wa kwanza, ukapanda eka chache za majaribio, na ukaacha fedha zile zikafanye kheri nyingine.

Wapo watakaonijibu kwamba haya ninayoyataka ni kinyume cha adabu zetu, na kwamba mdogo kumsahihisha mkubwa mbele ya watu ni utovu wa heshima ambao sisi hatukulelewa nao. Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa mahali pa kazi pasipo heshima hapakaliki. Lakini wanaoitoa wanasahau jambo wanaloliona kila siku, au wanaloweza kuliona wakiingia msikiti wowote wa pwani hii. Imamu akisahau rakaa, maamuma aliye nyuma yake hanyamazi kwa kumcha, wala hampigii kelele. Husema "Subhanallah", na aliye mwanamke hupiga kofi, naye imamu hutanabahi, akalirudia lililompita, na sala ikaendelea. Hakuna aliyevunjiwa heshima, kwa sababu neno lenyewe limewekwa tangu zamani, wakati wake unajulikana, na yule aliyetangulia mbele alikubali kutangulia hali akijua kwamba neno hilo lipo na kwamba linamhusu. Mkuu wa mradi si mtukufu zaidi ya imamu. Anachokosa yeye ni utaratibu uliowekwa kabla ya kosa, ambao kwa huo fundi anaweza kusema bila kuonekana shujaa wala mkaidi.

Utaratibu wa namna hiyo umekwisha kujaribiwa kwa kipimo cha kitaalamu, na pamoja na London, Toronto na Seattle, mahali pamojawapo palipojaribiwa ni Ifakara. Baina ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, hospitali za miji minane, miongoni mwao ile ya Mtakatifu Fransisi ya Ifakara, zilitumia katika vyumba vya upasuaji orodha ya Shirika la Afya Duniani yenye mambo 19, ambayo huwataka wote waliomo wasimame mara tatu: kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, kabla kisu hakijagusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2009, vifo katika hospitali hizo kwa jumla vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Kati ya mambo yale, lililonishika zaidi ni jepesi kuliko yote: kabla ya kisu kila aliyemo chumbani hutaja jina lake na kazi yake, daktari bingwa na muuguzi kijana sawasawa. Aliyekwisha kuisikia sauti yake mwenyewe ndani ya chumba kile, kwa amri ya chumba chenyewe, hapati taabu ile ile ya kufungua kinywa dakika ishirini baadaye, atakapoona kwamba kuna kitambaa hakikuhesabiwa.

Na ili nisionekane nauza dawa ya maradhi yote, niseme pia kwamba hospitali za jimbo la Ontario, huko Kanada, zilipoanza kutumia orodha za namna hiyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 juu ya hospitali 101 haukuona vifo vimepungua kwa kiasi cha kutegemewa. Wataalamu wameleta sababu mbalimbali. Mimi naona kwamba orodha yoyote inaweza kujazwa alama na mkono mmoja kwa haraka, vinywa vyote vikiwa vimefungwa, na hapo huwa imegeuka karatasi nyingine ya kupeleka juu; hatari hiyo sisi, tunaopenda mihuri na fomu, tunaijua vizuri mno.

Kwa hiyo ninaloliomba katika miradi yetu si fomu. Naomba kwamba kabla zege halijamwagwa, kabla mtaro haujafukiwa, kabla mtambo haujawashwa, kazi isimame kwa robo saa, wote wakusanyike pale pale penye kazi na si ofisini, na wa kwanza kusema awe ni yule wa chini kabisa katika daraja za malipo, na mkuu awe wa mwisho. Maana mkuu akitangulia kutoa rai yake, kinachobaki kwa wengine ni kuitikia. Ramani iliyo halali iwe imebandikwa ukutani na tarehe yake, na ya zamani ichanwe mbele ya macho ya fundi. Kila shaka iliyotajwa iandikwe katika daftari la saiti pamoja na jina la mtu atakayeijibu na siku ya kuijibu, na jibu lisomwe kwa aliyeuliza, hata kama jibu lenyewe ni kwamba hapana neno. Kwa kuwa mtu akiuliza mara mbili asijibiwe, mara ya tatu hatauliza, na hapo mkuu atadhani kazi imetulia.

Lakini yote hayo ni bure maadamu kibarua anajua kwamba kusimamisha kazi kutamkosesha ujira, na mkandarasi naye anajua kwamba saa iliyopotea inakatwa katika faida yake. Hofu hii ni ya fedha zaidi kuliko ya adabu, na fedha inatibiwa kwa mkataba. Mikataba iandikwe bayana kwamba muda wa kusimamisha kazi kwa uchunguzi ni muda wa malipo, kwa mkandarasi na kwa kibarua wake, hata ikithibitika baadaye kwamba nondo zilikuwa sawa na shaka haikuwa na msingi. Na kwa kuwa halmashauri, wizara na mashirika ya umma ndio wenye mali wa sehemu kubwa ya kazi zinazojengwa nchini, wao wanaweza kukiingiza kifungu hicho katika zabuni za mwaka ujao wa fedha, bila ya kungoja sheria mpya wala semina nyingine.