Maziwa ya Mama ni Jambo la Kazi



Wako watakaouliza: gazeti la chama, ambalo huandika habari za mishahara na likizo na watu kuachishwa kazi, limeingiaje katika mambo ya kunyonyesha watoto? Jibu letu ni fupi. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Basi mama anayelea huku anatafuta riziki anafanya kazi mbili, na moja kati ya hizo haina mshahara wala mtu wa kuisemea. Kazi isiyokuwa na wa kuisemea ndiyo hasa kazi ya chama.

Simameni steji ya Kawangware 46 saa kumi na mbili asubuhi, mjionee wenyewe. Akina mama wanateremka kwa miguu kwenda Lavington kufua nguo na kusafisha nyumba za watu. Wengine wanapanda gari kwenda mjini. Kibera ni vivyo hivyo. Wengi wao ni vibarua, na kibarua asipofika leo, leo hana chakula. Na katika hao wako waliojifungua juzi tu, wiki tatu au nne zilizopita. Mtoto ameachwa kwa jirani, au katika nyumba ya kulelea watoto, pamoja na chupa ya uji mwepesi.

Mwanachama wetu mmoja alitueleza yaliyompata. Alijifungua salama hospitalini. Mtoto alipelekwa chumba kingine, akarudishwa kwake baada ya saa nyingi. Usiku muuguzi alikuwa mmoja kwa wodi nzima, na hakuweza kuketi naye kumwonyesha namna ya kumshika mtoto. Siku ya kutoka aliambiwa amnyonyeshe miezi sita bila kumpa kitu kingine, hata maji. Ni maneno mema, naye aliyakubali. Lakini hakuna aliyemwuliza atarudi kazini lini. Wiki ya nne alirudi. Ikifika saa nne asubuhi matiti yamevimba na nguo imelowa, na kule nyumbani mtoto anapewa maji ya sukari. Kabla ya mwezi wa tatu maziwa yalikuwa yamekauka. Alituambia kwamba pale hospitali walimweleza la kufanya, ila hawakumweleza atalifanyaje.

Ndugu, neno hilo ndilo linalotufanya tuandike leo. Hospitali zetu nyingi humfundisha mama kana kwamba akitoka pale atakaa nyumbani miezi sita akilishwa na mumewe. Mama wa 46 hana maisha hayo.

Wala msidhani kwamba mama zetu ni wajinga au hawawapendi watoto wao. Katika Kenya nzima, hesabu ya serikali ya 2003 ilionyesha kwamba watoto waliokuwa chini ya miezi sita na kulishwa maziwa ya mama peke yake walikuwa 13 tu katika kila 100. Mwaka 2014 walifika 61, na mwaka 2022 walikuwa 60. Hayo ni maendeleo makubwa, na wauguzi na wahudumu wa afya wa mitaani wanastahili shukrani zetu. Lakini wataalamu walipochunguza mitaa ya Korogocho na Viwandani hapa Nairobi, na kutoa habari zao mwaka 2011, walikuta kwamba waliofikisha miezi sita hivyo walikuwa kama 2 tu katika 100. Hospitali ni zile zile na mafundisho ni yale yale. Tofauti iko tumboni na mfukoni: mama mwenye njaa na asiye na likizo atafuata vipi agizo la daktari?

Basi hospitali za uzazi zifanye nini? Njia inajulikana. Mwaka 1991 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF walianza kuhimiza hospitali zote zifuate hatua kumi za kumsaidia mama anyonyeshaye, na mwaka 2018 hatua hizo zikatengenezwa upya. Hazihitaji mashine za bei kubwa. Sisi, kwa niaba ya mama zetu, tunadai haya:

1. Mtoto akizaliwa, na wote wawili wakiwa wazima, awekwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, na aanze kunyonya katika saa ya kwanza. Maziwa yale ya kwanza ya manjano, dang'a, yasimwagwe. Ni machache lakini ni kinga ya kwanza ya mtoto.

2. Mama na mtoto wasitenganishwe, mchana wala usiku, isipokuwa kwa sababu ya ugonjwa.

3. Mtoto asipewe maji, glukosi wala maziwa ya kopo bila amri ya daktari. Sheria ya Kenya ya 2012 inakataza wauzaji wa maziwa hayo kuyatangaza na kugawa zawadi na makopo ya bure. Atakayeona mambo hayo katika wodi asinyamaze.

4. Mama mwenye virusi vya Ukimwi asiogopeshwe. Akitumia dawa zake sawasawa na kufuata shauri la kliniki, naye hunyonyesha.

5. Watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, au ambao mama zao ni wagonjwa au wamefariki, wasisahauliwe. Hospitali ya Pumwani, iliyoanza mwaka 1926, ilifungua benki ya maziwa ya mama mwaka 2019, ya kwanza katika Kenya. Mama mwenye maziwa ya ziada huyatoa kwa hiari baada ya kupimwa, nayo huchemshwa kwa kiasi ili kuua vijidudu, kisha hupewa mtoto wa mwenzake. Umoja gani unapita huo? Hospitali nyingine kubwa nazo zifuate.

6. Na hili ndilo kubwa kwetu: mama asitolewe wodi kabla ya kuulizwa anafanya kazi gani na atarudi lini, na kabla ya kufundishwa kwa vitendo namna ya kukamua maziwa kwa mkono wake, kuyaweka katika chombo safi chenye kifuniko, na kumnywesha mtoto kwa kikombe badala ya chupa. Mafundisho hayo ni ya nusu saa. Tena aelezwe mhudumu wa afya wa mtaani kwake ni nani na kliniki ya karibu ni ipi, ili matiti yakimwuma siku ya tano ajue pa kwenda.

Hatuwalaumu wauguzi. Wao nao ni wafanya kazi wenzetu, na wengi wao ni mama wanyonyeshao, wanaoacha watoto wao nyumbani ili waje kuwasaidia wa kwetu. Muuguzi mmoja hawezi kuwaonyesha mama thelathini namna ya kunyonyesha usiku mmoja. Kwa hiyo wauguzi wanapodai waajiriwe wenzao zaidi, hilo ni dai letu pia, wala tusiseme kwamba wanasumbua.

Hata hivyo tuseme kweli. Hospitali ikifanya yote hayo, bado haitoshi. Maziwa yaliyokamuliwa, pasipo na friji, hukaa salama kama saa nne tu, tena mahali pa baridi, na mama wa 46 hukaa nje saa kumi au zaidi. Hapo kazi ya hospitali inakwisha, na kazi ya tajiri na ya chama inaanza.

Jueni haki zenu. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu yenye mshahara kamili, na baba wiki mbili. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea, wala kisiwe choo, na ampe mama nafasi za kunyonyesha au kukamua maziwa, mbali na saa ya chakula, zisizozidi saa moja kwa jumla katika siku ya saa nane. Tajiri akisema ni mambo mageni, mwambieni kwamba Shirika la Kazi Duniani lilitaka nusu saa mara mbili kwa siku tangu mwaka 1919. Ni zaidi ya miaka 100 sasa.

Lakini kibarua wa kufua nguo ataidai haki hiyo kwa nani, naye leo yuko nyumba hii na kesho ile? Peke yake hawezi. Ndiyo sababu tunamwomba kila mwanachama amwingize jirani yake katika chama. Na ninyi mlioajiriwa kwa mwezi, msiridhike na chumba chenu cha kazini mkamsahau yule afagiaye ofisi hiyo hiyo.

Akina baba, nanyi sikieni. Mama anyonyeshaye anahitaji kula vizuri na kupumzika. Ukimteka maji na kumpikia ugali jioni, umemlisha mtoto wako.

Tunaagiza hivi: kila tawi limwulize kila mama aliyejifungua mwaka huu kama alifundishwa kukamua maziwa kabla ya kutoka hospitalini, na majibu yaletwe katika mkutano ujao. Tutakwenda nayo kwa wakubwa wa afya wa kaunti, mkononi tukiwa na hesabu yetu wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

Umoja ni nguvu.