Samaki wa Kioo Abaki Kiooni

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili niseme neno juu ya samaki wa maabara. Wanafunzi wa zamani ambao hawajafika shuleni karibuni hawana habari zao, kwa hiyo nitaeleza kwa ufupi. Chama cha Sayansi kina tangi la kioo la lita 100, na ndani yake wanaishi kambale wawili wageni, dume na jike, ambao asili yao ni mito ya Amerika ya Kusini. Wataalamu wa samaki huwaita Ancistrus. Sisi twawaita Wazee, kwa sababu dume ana ndevu. Mwaka huu Wazee wamezaa mara mbili. Watoto wa kwanza waligawanywa kwa watu wenye matangi. Wa pili, wapatao 60, wamejaa tangini hata maji yanachafuka upesi, na katika mkutano wa chama limetolewa shauri kwamba watiwe katika bwawa la shule, lile la ngege, lililo chini ya shamba la migomba. Shauri hilo limependwa na wengi. Mimi nalipinga, na naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Kwanza watu wasije wakadhani kwamba namchukia samaki huyu. Kwa mwanafunzi wa biolojia sijui kiumbe kingine kinachofundisha mengi kwa gharama ndogo namna hii. Urefu wake ni kama sentimita 12 tu, rangi yake ni ya udongo wenye madoadoa, na mwili wake umevikwa mabamba magumu badala ya magamba. Mdomo uko chini ya kichwa, umbo lake kama kikombe, naye huutumia kujishikiza kwenye kioo na kukwangua ukoga wa kijani. Dume pua yake imeota vinyama virefu vilivyogawanyika kama matawi; jike anavyo vichache, vifupi, pembezoni mwa pua, au hana kabisa. Kwa nini dume afuge ndevu? Wako wataalamu waliodhani kwamba vinyama vile vinafanana na watoto wachanga wa samaki, na kwamba jike avionapo humdhania dume kuwa mlezi aliyekwisha kukabidhiwa watoto, naye akamwamini na mayai yake. Iwe kweli isiwe kweli, ni jambo zuri la kubishania jioni kuliko mengi tunayobishania bwenini.

Na ulezi wenyewe ni wa kutazamwa. Ndani ya tangi tumelaza kipande cha mwanzi, upana wake wa kumtosha dume kuingia bila nafasi kubwa kubaki. Dume hukisafisha kwa mdomo siku kadhaa. Jike akiridhika huingia akataga mayai ya rangi ya machungwa, yameshikamana kama kichala, 50 au 60, pengine hata kupita 100. Kisha jike huenda zake wala hatazami nyuma. Anayebaki ni baba. Hupepea kwa mapezi usiku na mchana ili maji mapya yapite juu ya mayai, huyaondoa yaliyooza, na kutoka kwenda kula ni kwa nadra. Baada ya siku kama 5 mayai huanguliwa, lakini watoto hawatoki. Hubaki wamenata mle mwanzini, kila mmoja na kifuko cha kiini tumboni, mpaka kiini kiishe, naye baba yuko mlangoni. Mwenzetu mmoja wa kidato cha sita, aliyezoea kusema kwamba kulea ni kazi ya wanawake, alinyamaza juma zima.

Tena kwetu kumfuga ni rahisi. Wenzetu wa Ulaya sharti wanunue chombo cha umeme cha kupasha maji moto, kwa maana samaki huyu hupenda maji ya kadiri ya digrii 22 hadi 27. Maji yaliyokaa katika chumba chetu cha maabara yana joto hilo bila kulipiwa senti moja. Chakula chake ni majani ya dodo yaliyochemshwa kidogo, vipande vya boga na tango, na gogo lililolowa ambalo hulikwangua mchana kutwa. Maji ya mvua humfaa. Maji ya bomba yalazwe ndooni kwanza ili dawa ipungue. La kuhitaji subira ni moja tu: tangi jipya lisitiwe samaki wengi upesi, kwa maana bakteria waigeuzao amonia ya mavi ya samaki kuwa naitraiti, na naitraiti kuwa naitreti, huhitaji majuma kadhaa kuota na kuenea. Baada ya hapo, ukitaka azae, ondoa theluthi ya maji utie mengine yenye ubaridi kidogo, kana kwamba mvua imenyesha huko kwao mtoni. Mara nyingi hutaga baada ya siku chache.

Basi, urahisi huo huo ndio unaonitia hofu. Mtu wa London akimtupa samaki huyu mtoni, majira ya baridi yatamwua. Hapa kwetu baridi ya namna hiyo haipo. Maji ya juu ya Ziwa Victoria yana joto la kadiri ya digrii 23 mpaka 28 mwaka mzima, yaani yale yale anayoyapenda. Tuseme jike mmoja anataga kila majuma 6, na kila mara wanapona watoto 60. Kwa mwaka ni watoto wapatao 500, na wale wa kwanza huweza kuzaa wenyewe kabla mwaka haujapita sana.

Wenzangu husema, "Lakini hatuwatii ziwani, twawatia bwawani." Aliyewahi kuwa hapa mwezi wa Aprili ajua bwawa letu lilivyo. Mvua kubwa zikinyesha maji hupita juu ya ukingo, hushuka mferejini, huingia katika kinamasi cha mafunjo, na kutoka kinamasini hufika ziwani. Imesemwa kwamba wavu utawekwa. Mtoto wa samaki huyu atokapo mwanzini ni kama sentimita moja, na wavu wenye matundu madogo kuliko hayo utazibwa na majani kabla ya kengele ya chakula cha mchana, kisha bwawa litafurika zaidi.

Tena nimefikiri sana juu ya kinamasi hicho. Ndani ya mafunjo maji yana oksijeni kidogo mno. Sangara hawezi kukaa humo, kwa hiyo nkejje wetu, ambao Watanzania huwaita furu, walipata mahali pa kujificha, nao ni katika aina zilizosalia mpaka leo. Kinamasi kimekuwa ngome yao. Lakini Ancistrus, maji yakikosa hewa, hupanda juu akameza hewa na kuivuta kwa tumbo lake la chakula, ambalo lina mishipa mingi ya damu. Yaani mlango uliomzuia sangara haumzuii huyu. Katika mkutano hakuna aliyenijibu neno hili, nami bado nangoja jibu.

Sisi wa kando ya ziwa hili hatuna haki ya kusema hatukujua. Sangara, ambaye Waganda humwita mputa, alitiwa ziwani upande wa Jinja mwaka 1954 bila kutangazwa, kisha akatiwa tena kwa amri ya serikali mwaka 1962 na 1963. Waliofanya hivyo hawakuwa watu wabaya. Walitaka samaki mkubwa wa kuliwa badala ya nkejje wadogo wenye miiba mingi. Miaka mingi hapakuonekana jambo, na walioonya walichekwa. Kufika miaka ya 1980 sangara walikuwa wamejaa. Ziwa lilikuwa na aina zipatazo 500 za nkejje, karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani, na wataalamu hukadiria kwamba aina 200 hivi zilitoweka. Najua sangara ameleta viwanda na fedha, na baadhi yetu tumelipiwa karo kwa sangara. Lakini nkejje mkavu aliyesagwa ndiye aliyekuwa chakula cha mtoto mgonjwa katika nyumba za Buganda, na iko mpaka leo kabila ya ukoo iitwayo Nkejje. Mvuvi akiulizwa fedha za sangara zinakwenda wapi, ana jibu refu sana.

Hata ngege tunayemla leo si yule ambaye babu zetu walimwita kwa jina hilo. Ngege wa asili karibu atoweke kabisa katika ziwa kubwa, baada ya sangara, na baada ya yule ngege wa Nile aliyeletwa katika miaka ya 1950. Amebaki katika viziwa vidogo vya kando.

Nimeambiwa kwamba mfano wangu hauna haki, kwa kuwa sangara hula wenziwe, na kambale huyu hula ukoga tu. Vema. Je, gugu maji lilikula nani? Nalo lilitoka huko huko Amerika ya Kusini, nalo lilibebwa duniani na watu kwa uzuri wa maua yake, likapandwa katika vidimbwi vya bustani. Lilionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 mitumbwi ilishindwa kutoka bandarini, na mitambo ya umeme ya Jinja ikasumbuliwa, mpaka wakaletwa wadudu wa kulitafuna. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni yule aliponya nani?

Tena yuko ndugu wa kambale wetu, wa jamaa moja naye, aitwaye Pterygoplichthys. Naye hula ukoga, naye hununuliwa mdogo asafishe kioo, kisha akarefuka kupita nusu ya mita na mwenyewe akachoka naye akamtupa. Huko Mexico, katika bwawa kubwa la Infiernillo, wavuvi waliokuwa wakipata ngege walianza kuvuta nyavu zilizojaa samaki hao wa mabamba, ambao hawakuwa na mnunuzi na miiba yao iliharibu nyavu. Huko Florida huchimba mashimo katika kingo hata udongo ukaporomoka. Sisemi kwamba Ancistrus, aliye mdogo, atafanya yote hayo. Nasema ukoga wa mawe ya ziwani unao wenyewe waulao, na hao tayari wamepungua.

Liko neno moja la upinzani ambalo naliheshimu. Ndugu mmoja alisimama akasema kwamba hawa ni viumbe vya Mungu, na kuwafunga katika kioo mpaka wafe ni ukatili, heri tuwape uhuru. Namjibu kwa heshima kwamba Mungu alimweka samaki huyu katika mito ya Amazoni na ya Paraguay, nasi ndio tuliomtoa huko. Wa kwetu hata si wa mto fulani. Wamezalishwa katika matangi miaka mingi hata wataalamu hawakubaliani ni aina gani hasa. Hatuwezi kuwarudisha. Na nkejje wa kinamasini nao ni viumbe vya Mungu, tena wako kwao. Ikiwa sharti tuchague kati ya kuwaua watoto hawa 60 na kuwatia bwawani, nasema wauawe, wapewe kuku wa Bruda mwangalizi wa shamba. Ni neno chungu, na baadhi ya wadogo wa kidato cha kwanza walilia niliposema. Lakini sidhani kwamba tumefika hapo.

Dume hatagiwi mayai pasipo na shimo. Tukiutoa ule mwanzi leo, uzazi utakoma au utapungua sana, na tukitaka somo la mayai tutaurudisha mara moja kwa mwaka, kwa kusudi. Watoto hugawanywa tu kwa mtu mwenye tangi, anayeahidi kwa maandishi kwamba hatamtupa samaki mtoni wala chooni wala kidimbwini. Na napendekeza tangi la pili, la nkejje. Ni ajabu kwamba wako watu Ulaya na Marekani wanaozalisha nkejje wa ziwa letu katika vioo vyao, aina nyingine zikiwa adimu sana huku kwetu, nasi tulio mwendo wa nusu saa kutoka majini twamjua kambale wa Amazoni kuliko nkejje. Majike wa nkejje wa ziwa letu hulea mayai na watoto kinywani mwao. Yule mwenzetu wa kidato cha sita atapata nguvu za kusema tena.

Shauri la bwawa litapigiwa kura Jumamosi ya pili ya muhula ujao. Wanafunzi wa zamani hawana kura, lakini wengi wao wana nyumba mjini, na najua kwamba baadhi wana matangi sebuleni. Aliye tayari kuchukua watoto 5 au 6 na amwandikie katibu wa chama kabla hatujafunga shule. Sasa wana sentimita 3, na husafiri vizuri katika mfuko wa nailoni, theluthi moja maji na theluthi mbili hewa, mradi usiachwe juani.