Tumbo yetu ni nguvu yetu

Wandugu wachimbaji na bamama wa nyumba, tumbo ikiuma, kazi haiendi, hata usingizi inapotea. Wengi wetu tunakimbilia farmasi kununua antibiotiki bila kupima. Ndani ya matumbo kuko vidudu vizuri vinavyosaidia kusaga chakula na kutulinda. Ile dawa inaviua pamoja na vile vibaya. Ku nyumba, pembeni ya bukari tuweke maharagi na lengalenga: ndiyo chakula yavyo. Munkoyo pia ni muzuri, ikitengenezwa na maji safi. Lakini tukitoka ku shimo, mikono tutanawa na nini? Tudai ku mine maji safi, sabuni na choo. Hiyo haiko zawadi, ni haki yetu.