Nyama ya Kopo kwa Wakorea

Jumamosi nilimpeleka mchumba kwenye kamgahawa ka Wakorea hapa Dar. Mfukoni elfu arobaini tu, roho juu! Mama anapika, baba anahudumia, mtoto anafanya homuweki meza ya pembeni.

Tukaagiza budae jjigae: kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa na pilipili, inachemshwa na tambi, soseji na nyama ya kopo. Baba mwenye mgahawa akasema ni chakula cha njaa ya baada ya vita vya 1950–53. Makopo yalitoka kambi za Wamarekani. Bibi yake aliona aibu kukitaja.

Mchumba, ambaye kwa mapozi hajambo, kimya. Halafu: "Bibi yangu naye, unga wa yanga."

Aisee, sufuria tulilikwangua. Bili elfu thelathini na mbili. Nauli ikabaki.