Ulichofuta Bado Kipo

Kila Julai Malimbe inageuka gulio. Wa mwaka wa mwisho wanauza magodoro, mitungi ya gesi, feni na laptopu, na tangazo ni lile lile: "bei ya kutupa, maelewano yapo." Mwaka jana na mimi nilinunua laptopu namna hiyo, bumu likiwa linaishia. Aliyeniuzia alinihakikishia ameshafuta kila kitu.

Wiki mbili baadaye nikafuta kwa bahati mbaya kazi ya kikundi. Nikapakua PhotoRec, programu ya bure ya kurudisha mafaili, nikaiacha ifanye kazi usiku kucha. Asubuhi kazi yetu ilikuwepo. Pamoja nayo: cheti cha kidato cha nne cha mwenye mashine, namba yake ya NIDA, na rekodi za utafiti wake. PhotoRec hurudisha mafaili bila majina yake, kwa hiyo nilifungua moja nikidhani ni wimbo. Alikuwa mama mchuuzi wa dagaa kwenye mwalo mmoja wa huku ziwani, anaeleza anachodaiwa na wavuvi, zaidi ya pesa, ili apate mzigo. Mwanzoni mtafiti anamwambia, "Jina lako halitajulikana, mama." Halafu mama anajitambulisha, jina na kijiji.

Nilizima. Nimezifuta zote, safari hii kwa njia sahihi, na mwenyewe nimempigia. Alinyamaza muda mrefu.

Hakuwa amenidanganya. Ukiiambia kompyuta ifute, inachofuta ni ile orodha ya kuonyesha faili liko wapi. Faili lenyewe linakaa palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kufomati kwa haraka ni hivyo hivyo. Mwaka 2003 watafiti wa MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walieleza walivyonunua diski 158 zilizotumika. Kati ya 129 zilizowaka, 12 tu zilikuwa zimesafishwa sawasawa.

Dawa si ngumu. Windows 10 na 11 zina sehemu ya kurudisha mashine upya: chagua kuondoa kila kitu, kisha ingia mipangilio ya ziada uwashe usafishaji wa data. Bila hiyo ya mwisho umefanya kazi bure. Kwa diski ya kuzunguka, kuiandika yote juu mara moja kunatosha. Hizo hadithi za mara saba ni kuchoma umeme tu. SSD ni nyingine, huhamisha data yenyewe kwa yenyewe, hivyo tumia programu ya kufuta ya mtengenezaji, au ifunge yote kwa BitLocker kabla hujaanza kuitumia. Na fundi akikuambia "nakupigia Windows mpya," ujue hajakusafishia chochote.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, lakini yule mama haijui, na hana namna ya kujua sauti yake iko Malimbe. Tunapoandika pendekezo la utafiti tunaulizwa data itatunzwa wapi. Siku ya kuuza laptopu hatuulizwi na mtu.

Serikali ya wanafunzi iweke meza Juni, na vijana wawili wa kompyuta, ekstensheni na jenereta. Mwenye cha kuuza apite hapo kwanza. Mimi namaliza mwaka huu. Laptopu hiyo hiyo nitaileta ya kwanza.